Picha imechanika baada ya kuweka Linux: tafuta kwanza inaharibikia wapi

Swali: "Fundi, habari za kazi. Juzi nilifuta Windows kwenye kompyuta yangu mpakato nikaweka Linux Mint. Ikiwaka, nembo ya mtengenezaji inaonekana safi, lakini sekunde chache baadaye picha inachanika. Mistari inakwenda mshazari kama kitambaa kilichovutwa upande mmoja, na mara nyingine kioo kinapepesa. Nilielekezwa niongeze neno nomodeset. Kweli picha imetulia, ila kompyuta imekuwa nzito, feni inavuma hata nikiwa sifanyi kitu, na vitufe vya mwanga wa kioo havisikii tena. Je, kadi ya grafiki imekufa? Nirudi Windows?"

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Sioni dalili ya kadi iliyokufa katika maelezo yako, na Windows usiirudie kwanza. Swali lako lenyewe limebeba ushahidi mwingi kuliko unavyodhani, kwa hiyo tuupitie kabla hujaandika amri hata moja.

Picha unayoiona imesafiri. Programu imeichora, mara nyingi kwa kutumia maktaba iitwayo Mesa. Msimamizi wa madirisha ameipanga pamoja na picha za programu nyingine. Draiva iliyomo ndani ya keneli, yaani kiini cha Linux, imeikabidhi kwa chipu ya grafiki. Chipu imeisukuma kupitia waya mwembamba unaopita kwenye bawaba, na mwisho kioo kimeiwasha. Picha inaweza kuharibika kwenye kituo chochote kati ya hivi, na kila kituo kina dawa yake. Wengi hunakili amri kumi walizookota huku na huko wakazimwaga zote kwa mkupuo. Ikipona hawajui kilichoponya, ikizidi hawajui kilichozidisha.

Sasa turudi kwako. Nembo ya mtengenezaji inatoka safi, maana yake kioo na waya vinaweza kuonyesha picha nzuri. Ukiweka nomodeset picha inatulia, na hiyo inapita kwenye kioo kilekile na waya uleule. Juzi tu Windows ilikuwa inafanya kazi. Kinachobaki ni kile kinachoingia kazini sekunde chache baada ya nembo, nacho ni draiva halisi ya grafiki inapochukua usukani. Hapo ndipo pa kuchimba.

Kuhusu nomodeset niseme wazi, maana nimeona watu wakiishi nayo mwaka mzima wakidhani ni tiba. Neno hilo linaiambia keneli isiruhusu draiva ya chipu kupanga kioo. Linux inabaki kutumia ubao wa picha ulioachwa na programu ya kuwashia kompyuta, wenye ukubwa mmoja usiobadilika. Chipu ya grafiki inakaa bure, na kila dirisha, kila kivuli, kila fremu ya video inachorwa na prosesa kuu. Ndiyo maana feni inavuma. Mwanga wa kioo huratibiwa na draiva ileile uliyoizuia, kwa hiyo vitufe vyake vimekosa wa kuvisikiliza. Ukijaribu kuilaza kompyuta au kuunganisha skrini ya nje, huenda ukakwama pia. Ni gongo la kukufikisha kwa daktari. Litumie kwa siku ya leo tu, uweze kuona unachoandika.

Ukitaka kuona kwa macho yako, weka kifurushi cha mesa-utils kisha uandike:

glxinfo -B

Tafuta mstari wa OpenGL renderer. Ukisoma llvmpipe, ujue anayechora ni prosesa. Ukishapona, hapo patakuwa na jina la chipu yako.

Ule mshazari nao una hadithi yake, na ukiielewa utaacha kuogopa. Chukua kioo cha upana wa pikseli 1366, kilichoenea sana kwenye mpakato za bei ya chini. Kila pikseli inakula baiti 4, hivyo mstari mmoja ni baiti 5464. Tuseme chipu inataka kila mstari katika kumbukumbu uanzie kwenye kigawe cha 64. 5464 haigawanyiki sawasawa kwa 64, kwa hiyo mstari unaongezewa nafasi tupu hadi ufike 5504. Tofauti ni baiti 40, sawa na pikseli 10. Anayeandika akitumia 5504 na anayesoma akitumia 5464, mstari wa pili utasogea pikseli 10, wa tatu 20, na ukifika mstari wa mia moja umeshahama pikseli 990. Hicho ndicho kitambaa chako kilichovutwa. Hakuna kilichoungua, ni pande mbili za programu zimeshindwa kuelewana kuhusu urefu wa mstari. Kwenye kioo cha 1920 hesabu hii inakaa sawa yenyewe, 7680 ni 64 mara 120, ndiyo maana jirani yako mwenye kioo kikubwa anaweza asilijue tatizo hili kabisa.

Kabla ya kugusa draiva, fanya kipimo kimoja ambacho nakipenda kuliko vyote. Ondoa nomodeset kwa muda (njia ya kuifuta kwenye orodha ya kuwashia nimeieleza mbele), acha picha iharibike, kisha piga picha ya skrini kwa kitufe cha PrtSc, kama bado unaweza kuingia. Ihifadhi, uifungue kwenye simu au kompyuta nyingine. Ukiona uharibifu umo ndani ya faili, kosa liko upande wa kuchora, yaani Mesa, msimamizi wa madirisha au programu yenyewe. Faili ikiwa safi ilhali kioo kilionyesha vurugu, kosa liko baada ya hapo: draiva inavyoratibu kioo, waya, au kioo chenyewe.

Kipimo hicho nilijifunza kwa jasho. Niliwahi kukesha na mpakato wa mtu, nikabadilisha keneli tatu, nikaondoa na kurudisha draiva, mistari ya rangi haiondoki. Alfajiri nikainua kifuniko kidogo ili nifute vumbi, mistari ikahama. Nikakishusha, ikarudi. Waya wa kioo ulikuwa umechubuka kwenye bawaba. Picha za skrini nilizokuwa nimezipiga usiku kucha zilikuwa safi kabisa, ila sikuwa nimezitazama kwingine zaidi ya kwenye kioo kilekile kibovu. Kwa hiyo na wewe chezesha kifuniko taratibu uone kama vurugu inabadilika. Dakika moja tu.

Sasa tujue chipu yako, kwa sababu hukuitaja. Fungua terminali, uandike:

lspci -nnk | grep -A3 -E "VGA|3D|Display"

Itakupa jina la chipu, na chini yake mstari wa Kernel driver in use. Ukiwa bado na nomodeset, mstari huo unaweza kukosekana na ukabaki wa Kernel modules peke yake. Usishtuke, ni kwa sababu draiva umeizuia mwenyewe. i915 au xe ni Intel, amdgpu au radeon ni AMD, nouveau au nvidia ni NVIDIA.

Zikitokea chipu mbili, angalia usidanganywe na kibandiko. Mpakato nyingi zenye NVIDIA zina chipu ya pili ya Intel au AMD ndani ya prosesa, na mara nyingi kioo kimeunganishwa na hiyo ndogo. Unaweza kuhangaika na draiva ya NVIDIA wiki nzima wakati anayeharibu picha ni Intel. Hata kipimo cha skrini ya nje kina mtego huohuo: tundu la HDMI linaweza kuwa limeunganishwa na chipu nyingine, kwa hiyo picha safi huko haithibitishi kwamba chipu ya kioo ni nzima.

Halafu, ukiwa umewasha bila nomodeset, maana ikiwepo draiva hainyanyuki hata ilalamike, sikiliza keneli yenyewe inasema nini:

sudo dmesg | grep -iE "drm|firmware|i915|amdgpu|nouveau"

Ukikuta maneno failed with error -2 karibu na neno firmware, huenda umepata mhalifu bila kutoka jasho. Namba hiyo maana yake faili halikupatikana. Chipu za kisasa zinahitaji fimwea, programu ndogo inayopakiwa ndani ya chipu kila kompyuta inapowaka, na bila hiyo draiva huanza kazi ikiwa kilema. Kwenye Mint na Ubuntu:

sudo apt install --reinstall linux-firmware
sudo update-initramfs -u

Wenye Debian ya zamani ndio waliokuwa wakiumia zaidi hapa, kwa kuwa diski rasmi za usakinishaji hazikuwa na fimwea zisizo huru. Zilianza kuwekwa na Debian 12, mwaka 2023. Kwa AMD kifurushi chake ni firmware-amd-graphics.

Malalamiko ya fimwea yasipokuwepo, swali linalofuata ni umri. Keneli yako ina umri gani, na chipu je? Andika uname -r. Ubuntu 22.04 ilitoka Aprili 2022 na keneli 5.15, ambayo yenyewe ni ya Oktoba 2021, na Mint 21 imejengwa juu yake. Mpakato uliotengenezwa miaka miwili baadaye unaweza kuwa na chipu ambayo keneli hiyo haiifahamu vizuri. Draiva isiyoifahamu chipu vizuri inaweza kuzaa picha kama yako. Kwenye Mint fungua Update Manager, menyu ya View, kisha Linux Kernels, uchague mpya zaidi inayopendekezwa. Kwa Mint 22 au Ubuntu 24.04 unaweza kutumia amri:

sudo apt install --install-recommends linux-generic-hwe-24.04

Keneli ya zamani haifutwi hapohapo. Mpya ikigoma, utaikuta ya zamani kwenye Advanced options wakati wa kuwasha. Mimi kwa mpakato mpya huanzia hapa kabla ya kitu kingine chochote, na mara nyingi sihitaji kwenda mbele zaidi.

Kama hutaki kubadilisha kitu bado, tengeneza flashi ya toleo jipya la usambazaji unaokwenda na keneli za karibuni, Fedora kwa mfano, uwashe kutoka kwenye flashi bila kusakinisha. Picha ikitoka safi, jibu umelipata: vifaa ni vizima, programu zako ndizo zilizochakaa. Ikiharibika vilevile kwenye mifumo miwili tofauti, hapo ndipo nitaanza kuitilia shaka chipu au RAM. Ndiyo, RAM pia, kwani chipu ya ndani ya prosesa haina kumbukumbu yake, inaazima ya kompyuta. Kijiti kibovu kinaweza kujionyesha kama vidoa vya rangi. Acha memtest86+ ifanye kazi usiku mmoja.

Tuseme sasa ni Intel, keneli ni mpya, na bado kioo kinapepesa. Mtuhumiwa wangu wa kwanza ni uwezo wa kioo kujiburudisha chenyewe, unaofupishwa PSR. Kioo huwa na kumbukumbu kidogo ya kutunza picha ya mwisho, ili chipu ipumzike wakati hakuna kinachosogea na betri idumu. Wazo zuri, ila vioo vingine haviamki kwa wakati. Utaitambua hivi: umetulia unasoma, hakuna kinachosogea, ukiandika herufi moja haitokei mpaka usogeze kipanya, au kipande cha dirisha ulilokwisha kulifunga kinabaki kimeganda pembeni. Maneno ya kuizima ni i915.enable_psr=0.

Lakini usiyaandike moja kwa moja kwenye faili la mipangilio. Yajaribu kwanza kwa kuwasha mara moja tu. Kompyuta inapoanza, bonyeza Esc, au shikilia Shift kama inatumia BIOS ya zamani, mpaka orodha ya GRUB, programu inayoianzisha Linux, itokee. GRUB huja kabla draiva haijashika usukani, kwa hiyo utaiona safi hata kama yanayofuata ni vurugu. Ukibonyeza Esc kupita kiasi utajikuta mbele ya neno grub> na weusi mtupu. Andika normal, bonyeza Enter, itasoma orodha yake upya. Kwenye orodha bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux, nenda mwisho wake penye quiet splash, futa nomodeset kama ipo, weka hayo maneno mapya, kisha bonyeza F10. Usipofaulu, zima uwashe tena, kila kitu kitakuwa kama kilivyokuwa. Neno moja kwa jaribio moja, tafadhali.

Likifanya kazi, lifanye la kudumu: fungua faili la /etc/default/grub kwa sudo, ongeza neno ndani ya alama za nukuu za GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT, ondoa nomodeset humo, kisha sudo update-grub. Ukiwasha tena, andika cat /proc/cmdline uhakikishe keneli imelipokea kweli. Watu husahau update-grub, halafu hulaumu dawa ambayo hawakuinywa.

PSR isipokuwa yenyewe, jaribu i915.enable_fbc=0, inayozima ubanaji wa picha kwenye kumbukumbu. Pia angalia kama una draiva kongwe ya Intel ya Xorg (programu inayoonyesha madirisha kwenye kioo), kifurushi cha xserver-xorg-video-intel. Kwa chipu nyingi za miaka ya karibuni ni afadhali isiwepo, kwa kuwa Xorg ikiikosa inatumia draiva ya jumla iitwayo modesetting, iliyotulia zaidi. Ukiiondoa, xserver-xorg-video-all inaweza kuondoka nayo. Hiyo ni kapu tu la kukusanyia vifurushi, isikutie hofu.

Kwa AMD, kioo kinachopepesa hujaribiwa kwa amdgpu.dcdebugmask=0x10, ambayo nayo inazima PSR. Skrini ikigeuka nyeupe au ikirukaruka kwenye chipu iliyomo ndani ya prosesa, jaribu amdgpu.sg_display=0. Zaidi ya hapo, shida nyingi za AMD nilizokutana nazo ziliishia kwenye fimwea au keneli ya zamani, nimeshazieleza.

NVIDIA ni habari nyingine. Mint ikimaliza kusakinishwa huwa inatumia nouveau, draiva huru iliyoandikwa na wajitolea ambao kwa miaka mingi walifanya kazi bila msaada wa maana kutoka kwa mtengenezaji. Kwenye chipu fulani ni nzuri, kwenye nyingine inatoa picha uliyonieleza hasa. Tumia Driver Manager uchague inayopendekezwa, au andika sudo ubuntu-drivers install. Tafadhali usipakue faili la .run kutoka tovuti ya NVIDIA. Litafanya kazi leo, keneli ikisasishwa unaweza kuwasha na kukuta giza.

Mtego wake mkubwa ni Secure Boot, ulinzi unaokataa kupakia programu isiyo na saini inayotambulika wakati wa kuwasha. Angalia kwa mokutil --sb-state. Ikiwa imewashwa, usakinishaji wa draiva utakuomba utunge nywila, na ukiwasha upya itatokea skrini ya buluu. Chagua Enroll MOK, uweke nywila ileile. Watu huipita skrini hiyo wakidhani ni hitilafu, au hungoja mpaka inajiondokea. Matokeo yake draiva mpya imo kwenye diski lakini keneli inakataa kuipakia, na nouveau imeshazuiwa, kwa hiyo hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Ikishapakiwa vizuri, nvidia-smi itakuonyesha jedwali lenye jina la chipu.

Chipu kongwe za NVIDIA hazina bahati. Mfululizo wa draiva 340 uliachwa kuhudumiwa mwishoni mwa 2019, na 390 mwishoni mwa 2022. Kama yako ni ya kundi hilo, usipigane na keneli mpya ili tu kuilazimisha, baki na nouveau.

Mambo mawili madogo kabla sijakuachia. Kama uliwahi kunakili faili la xorg.conf kutoka kwa mtu mwingine na kuliweka kwenye /etc/X11, lipe jina jingine uwashe upya. Linux ya sasa hailihitaji kwa kazi za kawaida, na lile la mwenzako lina maelezo ya kioo chake. Na kama siku nyingine vurugu itatokea ndani ya kivinjari peke yake, herufi zimegeuka vidoa baada ya masasisho ya Mesa huku madirisha mengine yakiwa safi, hilo si tatizo la leo. Funga vivinjari vya jamii ya Chromium, futa folda ya GPUCache iliyomo kwenye wasifu wa kivinjari, ufungue tena.

Anza na lspci na dmesg leo jioni. Ukikwama, nitumie majibu ya amri hizo mbili, uname -r, na ile picha ya skrini uliyoipiga wakati vurugu ipo. Kioo chenyewe nacho kipige kwa simu wakati huohuo, nitaziweka ubavu kwa ubavu.